Kicheko Si Hoja

Wapo wasomi wenzangu wanaocheka wanapomsikia mzee wa Kingoni akisema mahoka wamemjia ndotoni. Huita ushirikina, kisha hufunga jalada. Nakipinga kicheko hicho.

Hapa Songea, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga makumi ya mashujaa wa Maji Maji na kuwafukia katika kaburi la halaiki. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, naye aliuawa. Ukoo wake unasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, nao ungali unakidai. Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika hapa, akaomba radhi na kuahidi msaada wa kulitafuta fuvu hilo.

Deni hilo halikuishi miaka mia na zaidi kwa nguvu ya nyaraka peke yake. Liliishi majumbani, kwa simulizi na matambiko. Na ndoto ni sehemu ya urithi huohuo.

Wenyeji wa asili wa Australia, ambao kwao Ndoto ni sheria ya mababu na ardhi, waliwahi kudharauliwa vivyo hivyo. Mwaka 1997 watu wa Ngurrara waliwasilisha turubai kubwa waliyoichora wenyewe kuwa ushahidi wa ardhi yao. Mwaka 2007 mahakama ikawatambua.

Sisemi ndoto itatuonyesha fuvu limo kabati gani. Hiyo ni kazi ya watafiti. Nasema aliyeota amefiwa na hajazika, na haki yake haipungui kwa kuelezwa kwa lugha ya mahoka. Mtumishi wa umma na ayaandike madai hayo kama alivyoambiwa, kisha ayafuatilie.