Mhunzi Aliyemfunga Prometheus

Kila kizazi cha wasomi kina mapenzi yake na Prometheus. Tunamsifu kwa kuwaibia miungu moto, akauficha ndani ya bua lenye uwazi, kama asimuliavyo Hesiod, na kuwapelekea wanadamu. Mwaka 1841 Karl Marx, akiwa bado kijana, alimtukuza katika dibaji ya tasnifu yake kuwa mtakatifu na shahidi mkuu wa falsafa. Miaka miwili baadaye, gazeti alilolihariri lilipopigwa marufuku, mchoraji alimchora Marx mwenyewe akiwa amefungwa kwenye mtambo wa uchapaji, tai akimdonoa. Sina ugomvi na sifa hizo. Ugomvi wangu ni na macho yetu: humtazama aliyefungwa, hayamtazami aliyefunga.

Aliyefunga si Zeus. Zeus hata hakufika. Katika tamthilia ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya Aeschylus (wapo wataalamu wanaobisha, ila hoja yangu haibadiliki), wanaompeleka mfungwa jabalini ni watatu. Yupo Kratos, yaani Mamlaka. Yupo Bia, yaani Mabavu, ambaye jina lake halina uhusiano na kinywaji, na ambaye hatamki neno hata moja. Na yupo Hephaestus, mungu wa moto na uhunzi, nyundo mkononi. Mamlaka inaamuru, Mabavu yamesimama kimya pembeni, na kazi yote inafanywa na fundi.

Tena fundi huyo ana huruma! Anaomboleza, anauchukia ufundi wa mikono yake, anamwambia mfungwa kwamba anamfunga bila kupenda, anakumbuka udugu wao. Kisha anapigilia: mikono, mbavu, miguu, na kabari ya chuma kupita kifuani. Anasitasita kidogo, anakaripiwa, anaharakisha. Kratos anamwambia akaze zaidi, naye anakaza zaidi. Nimewasikia wahadhiri wenzangu wakiisifu huruma hiyo kuwa ni dalili ya utu. Mimi naihesabu miongoni mwa vifaa vyake vya kazi, pamoja na nyundo na koleo, kwani ndiyo inayomwezesha kuimaliza shughuli bila kujiona katili.

Utetezi wake anaujua kila aliyewahi kukaa nyuma ya meza yenye mhuri: ni maagizo kutoka juu, ningefanyaje? Basi na tuupime kwa ushahidi wa Wagiriki wenyewe.

Hephaestus huyuhuyu, alipotupwa na mama yake Hera kwa kuuonea aibu ulemavu wake wa miguu, alimtengenezea kiti cha enzi cha dhahabu chenye vifungo vya siri. Hera akakaa, akanasa. Olympus nzima ikashindwa kumfungua malkia wake. Ilibidi Dionysus amleweshe mhunzi kwa divai, ampandishe juu ya nyumbu, amrejeshe mbinguni akiwa ameshinda. Wala kisa hiki hakikuwa cha wachache waliosoma. Kimechorwa kwenye chungu mashuhuri kiitwacho cha François, kilichofinyangwa Athens yapata mwaka 570 KK, miongo kadhaa kabla Aeschylus hajazaliwa. Homer naye anasimulia jinsi mhunzi huyo alivyomnasa Ares, mungu wa vita, kwa wavu mwembamba usioonekana. Huyo ndiye anayetaka tuamini kwamba mbele ya Kratos hakuwa na uwezo wowote.

Nitaambiwa kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa. Alikuwa nayo. Kwa mujibu wa Homer, Zeus aliwahi kumshika mguu akamrusha kutoka mbinguni. Akaanguka mchana kutwa, na jua lilipotua akafika kisiwa cha Lemnos akiwa hoi, wenyeji wakamwuguza. Hofu ya namna hiyo siidharau, na sitamcheka mtumishi wa umma anayewaza ada za watoto kabla ya kukataa agizo. Lakini ndugu msomaji, uliza alitupwa kwa kosa gani. Alitupwa kwa kumtetea mama yake. Alishajua kukataa kunavyogharimu, na alishajua pia kwamba aliyekataa anaweza kuanguka akabaki hai, akawasha tena tanuru. Ujasiri aliokuwa nao kwa ajili ya mzazi, hakuwa nao kwa ajili ya mwenye haki.

Plato, katika mazungumzo yanayoitwa Protagoras, anagusa jambo tunaloliruka darasani. Prometheus aliiba moto pamoja na maarifa ya ufundi kutoka kwa Hephaestus na Athena, lakini wanadamu waliopata ufundi huo waliendelea kudhulumiana, hadi Zeus alipomtuma Hermes awapelekee haya na haki. Hermes akauliza: nivigawe kwa wachache, kama ufundi ulivyogawanywa? Akajibiwa: kwa wote. Yaani hata mhunzi asingeruhusiwa kusema kwamba haki ni shughuli ya idara nyingine. Vyuo vyetu vinatunuku vyeti vya ufundi kila mwaka, na suala la haki tumewaachia wanasheria.

Kazi ilipokwisha, Hephaestus alisema waondoke, akatoka jukwaani, na katika tamthilia hiyo haonekani tena. Aliyekuja kumwua tai na kumwondolea Prometheus mateso yake, anasema Hesiod, ni Heracles, mtu wa upinde na rungu. Mhunzi, aliyejua kila msumari ulipopigiliwa, hakurudi na koleo lake.