Usawa wa foleni unaotuchelewesha

Nimechoka kuambiwa kwamba kugawa sawasawa ndiyo haki. Ndani ya kerneli ya Linux kuna mgao mmoja ambao, kwa simu, ni upuuzi mtupu.

Kwa wasioandika draiva: diski haipokei maombi bila kikomo. Kila ombi linaloingia hupewa tagi, yaani namba ya kulitambua, na tagi zikiisha linalofuata hungoja. Katika blk-mq, mfumo wa foleni ulioingia na Linux 3.13 mwaka 2014, diski zilizo chini ya kidhibiti kimoja huchota tagi kwenye kapu moja. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni na hctx_may_queue. Huyu huchukua idadi ya tagi akaigawa kwa foleni zinazohesabiwa kuwa hai, na hakuna inayopewa chini ya 4. Sasa tazama hifadhi ya UFS ndani ya simu, ambayo Linux huiendesha kama SCSI. Kidhibiti cha kabla ya UFS 4.0 kina nafasi 32. Data zako ziko sehemu moja, lakini kuna sehemu nyingine isiyobeba faili hata moja. Kazi yake ni amri za umeme, kulaza kifaa na kukiamsha. Ikituma amri moja tu, tayari iko hai. 32 kwa 2: data zinabaki na 16. Na ikinyamaza haifutwi papo hapo. Lazima kipima muda cha foleni kiishe, na kwa kawaida hicho ni sekunde 30. Sekunde thelathini, jamani! Ni kama makanga wa matatu ya abiria 14 aache viti 7 wazi kwa sababu kuna mtu alipanda akashuka kituo kilichofuata.

Watetezi husema bila mgao diski yenye pupa itameza tagi zote, jirani yake afe njaa. Kwenye seva yenye diski nyingi nyuma ya kadi moja, hasa moja ikiwa nzito, nakubali. Basi mgao uanze pale foleni inapokosa tagi kweli. Au draiva iruhusiwe kuuzima, maana mwandishi wa draiva ndiye anayekijua kifaa chake.

Mapendekezo ya namna zote mbili yalitolewa mwaka 2023. Linux 6.6 ikatoka Oktoba mwaka huohuo na hesabu ileile. Mwenye vipimo vinavyoonyesha simu ilifaidika nayo, avilete.