Pete Postlethwaite na Uzito wa Uigizaji wa Wahusika
Mwigizaji wa wahusika, yaani yule asiyetegemea sura ya kuvutia bali hujigeuza kadiri ya mhusika aliyekabidhiwa, ni nadra kupewa nafasi ya mbele, na kwa sababu hiyo kazi ya Mwingereza Pete Postlethwaite, aliyezaliwa Warrington mwaka 1946 na kukomaa katika ukumbi wa Everyman mjini Liverpool, inastahili kutazamwa upya. Katika filamu ya In the Name of the Father ya mwaka 1993, iliyomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar, alimwigiza Giuseppe Conlon, mzee wa Belfast aliyehukumiwa bila hatia na kufariki akiwa bado mfungwa; uchungu wote huo, ambao mwingine angeupigia kelele, yeye aliupitisha katika sauti ya chini, kifua kibovu na macho yasiyokata tamaa juu ya mwanawe, na hakika ni vigumu kuutaja uigizaji wa baba uliozidi huo. Baadaye akawa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe katika Brassed Off, na mwaka 2005 akaigiza daktari mwenye majuto katika The Constant Gardener, filamu ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa nchini Kenya. Ingawa Hollywood ilikwisha kumfungulia milango, mwaka 2008 alirudi Liverpool kuigiza King Lear jukwaani. Alifariki dunia Januari 2011 bila kuipata Oscar, na upungufu huo ni wa watoa tuzo, si wake.