Jani la Tatu Halileti Mke Mwenza



Leo hatuzungumzii kitambaa wala hina. Tunazungumzia mche wa pilipili, na tutasema kwa ukali kidogo, mtuwie radhi.

Wanaotujua wanajua kazi yetu ni kushona nguo za maharusi. Kila bi harusi anapokuja kuchukua nguo yake ya mwisho, tunampa zawadi ndogo: mche wa pilipili mbuzi ndani ya kopo la maziwa, tuliouatika wenyewe nyuma ya duka. Si kitu cha gharama. Nia yetu ni kuwa mtu anayeingia nyumba mpya asianze kwa kugonga mlango wa jirani kuomba pilipili.

Msimu wa harusi uliopita, mmoja katika maharusi wetu tulimpa mche uliotoka na majani matatu ya mbegu badala ya mawili. Tulimchagulia huo makusudi, kwa sababu ulitupendeza. Siku ya tatu ya harusi, mama mmoja mtu mzima wa upande wa mume akaliona kopo dirishani. Akahesabu majani. Akasema mbele ya watu: mawili ni mke na mume, la tatu ni mke mwenza, huyu mwari kaingia na ukewenza wake mkononi. Kopo likatupwa jaani. Mwari akatupigia simu analia, si kwa ajili ya mche, bali kwa sababu tangu siku ile kila akinyamaza anaulizwa ana nini, na mume akichelewa kurudi watu wanatazamana.

Hilo ndilo lililotukasirisha. Mche tungempa mwengine. Lakini wiki ya kwanza ya ndoa hairudi tena.

Sasa tuseme ukweli wa hilo jani. Mbegu ya pilipili, kama ya nyanya, biringani na embe, kwa kawaida hubeba majani mawili ya mbegu. Ndiyo yale laini, hayana umbo la majani ya pilipili, yanayofunguka mwanzo mche unapochomoza. Kazi yake ni kuulisha mche mpaka majani ya kweli yatoke. Baada ya hapo yananjano, yanaanguka, kazi imekwisha. Mara chache, wakati mche ungali mdogo mno ndani ya mbegu, tena tunda lenyewe halijaiva, majani hayo hugawika matatu badala ya mawili. Mara chache zaidi hutoka manne. Basi. Hutokea kwenye nyanya pia. Anayeatika mbegu nyingi kila mwaka ataliona siku moja, na anayeatika kumi pengine asilione maishani.

Na mche huo ukikua? Huweza kutoa majani ya mwanzo matatu matatu, kisha ukatulia ukawa mpilipili kama mipilipili mingine. Pilipili zake haziongezeki ukali wala hazipungui. Ukizipanda mbegu zake, nyingi zitatoka na majani mawili.

Fikirini na hili. Pilipili hizi ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika, na zilifika pwani zetu baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, Wareno walipokuwa wakipita huku na merikebu zao. Kabla ya hapo wazee wetu ukali wao ulikuwa pilipili manga na tangawizi. Hawakuwa na jani la mpilipili la kuhesabu, na wake wenza walikuwepo. Mwanamme anayetaka kuoa mke wa pili haulizi kitalu. Na ukewenza wenyewe ni jambo la sheria, lina masharti na haki zake. Si nuksi ya kumtupia mtoto wa watu siku ya tatu ya harusi yake.

Tuje kwenye dini, maana hapa ndipo penye hatari. Sisi Waswahili tuna msemo, ndege mbaya. Waarabu wa zama za ujahili nao walikuwa wakimrusha ndege na kutazama anaelekea upande gani kabla ya kusafiri. Ndiyo tiyara hiyo, na Mtume wetu (s.a.w.) aliikataza na kuihesabu katika shirki. Alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Angeweza kunyamaza, kwani yalikuwa maneno ya kumtukuza yeye na mwanawe. Hakunyamaza. Aliwaambia wazi kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Ikiwa jua halitangazi habari za nyumba ya Mtume, jani la pilipili litatangazaje habari za nyumba yako?

Na kwa maharusi hasa: watu wa ujahili waliuona mwezi wa Shawwal kuwa na mkosi wa ndoa. Bi Aisha (r.a.) aliolewa Shawwal na akaingia nyumbani kwa Mtume Shawwal, na alikuwa akipenda wanawake wa kwao waolewe mwezi huo huo. Aliivunja nuksi kwa ndoa yake mwenyewe. Leo bado tunao wanaosogeza tarehe ya harusi wakikimbia Mfungo Tano, na ukumbi walishaulipia.

Tusiwaseme wanaoogopa tu. Wako pia wanaosema mche wa majani matatu una baraka, wakauza kwa bei ya juu kuliko wenzake. Shoga, huo nao ni mlango ule ule, umeingiliwa upande wa pili. Ukiupenda mche kwa sababu ni adimu na mzuri, nunua kwa bei ya mche. Baraka haiuzwi ndani ya kopo.

Kuna atakayetujibu: hizi ni mila, wazee wetu wana hekima zao. Mila tunazipenda, tunakula kwazo. Singo ni mila, kutia hina ni mila, kumkalisha mwari ndani akafunzwa na somo wake ni mila. Hizo zinampamba na kumfunza. Mila inayomfanya mtu ashukiwe kwa jambo asilolitenda si mila, ni dhulma iliyovaa kanga.

Basi ukiatika pilipili zako, fukia mbegu kidogo tu, kama nusu sentimita, kwenye udongo mwepesi wenye samadi iliyooza vizuri. Weka unyevu, usifurikishe. Ngoja wiki moja mpaka tatu. Ganda la mbegu likiganda kichwani pa mche, lirowanishe, usilivute likiwa kavu. Ukikuta majani matatu, usihesabu wake. Tazama katikati yake: kama pana kichipukizi kinachotoka, mche ni mzima. Ukiwa na majani ya kweli manne mpaka sita, upandikize pamoja na wenzake, umwagilie kama wenzake.

Ule wa jaani bi harusi wetu aliufuata usiku, akaurudisha kwetu ukiwa umevunjika jani moja. Lile la tatu au la kwanza, hatujui, yanafanana. Tuliupanda nyuma ya duka, na sasa unazaa. Juzi alikuja na mumewe kushonesha kanzu ya mtoto, wakachuma pilipili kiganja kizima wakaondoka nazo.

Mama wakwe zetu, tunawaheshimu, nyinyi ni mama zetu. Mkimpokea mwari, mtazameni tabia yake na sala yake. Kopo lake liacheni dirishani lipate jua.

Wabillahi tawfiq.