Agile bila kiongozi mwenye kusikiliza ni jina tu

Neno Agile limeingia katika mabiro ya Goma, Bukavu, Beni na Bunia. Linasikika kwa vijana wanaotengeneza programu za simu, linasikika katika mashirika ya misaada, na wenye kutafuta kazi wanaliandika kwenye CV yao karibu na Word na Excel. Lakini mahali pengi kinachobadilika ni maneno peke yake. Mkutano wa asubuhi umepewa jina jipya, ukuta umejazwa vikaratasi vya rangi, na shefu anaendelea kuamua yote kama jana. Hapo ndipo penye shida, na shida hiyo inakula feza na wakati ambao mashariki ya Kongo haina.

Ni vizuri kwanza kujua jambo hili lilitoka wapi. Katika mwezi wa pili wa mwaka 2001, watu 17 wenye kazi ya kutengeneza programu za komputa walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoka na miradi iliyoandikwa kwa makaratasi mengi, ikafanywa kwa miaka, na mwishoni ikamletea mteja kitu ambacho hakihitaji tena. Walitoka na tangazo fupi lenye mambo 4 ya msingi na kanuni 12. Kwa ufupi, walisema kwamba watu na mazungumzo yao vinapita vyombo. Kazi inayoonekana inapita rundo la makaratasi. Kushirikiana na mteja kunapita kubishana juu ya mkataba. Na kukubali mabadiliko kunapita kushikilia mpango. Hawakusema mpango na mkataba havina faida. Walisema tu ni kipi kitangulie.

Mmoja kati ya mifumo inayofuata fikira hizo ni Scrum, iliyoelezwa mbele ya watu mwaka 1995 na Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Sheria zake ni chache. Kikundi ni kidogo, kwa kawaida watu 10 ao chini yake. Kazi inagawanywa katika vipindi visivyopita mwezi mmoja. Kila siku watu wa kikundi wanakutana kwa dakika 15. Mwisho wa kila kipindi wanaonyesha kile walichomaliza, kisha wanaketi wao kwa wao kuulizana: nini kimeenda vizuri, nini kimekwama, na nini tutabadilisha? Kuna mtu mmoja wa kuchagua kazi gani itangulie, na mwingine wa kulinda namna ya kazi na kusaidia vizuizi viondoke. Lakini ndani ya kikundi hakuna shefu wa kumwambia kila mtu asubuhi afanye nini. Kikundi chenyewe kinajipanga.

Sheria hizo mtu anaweza kuzisoma kwa saa moja. Kitabu chake kidogo kinapatikana bure kwenye intaneti, hata kwa Kifaransa. Kilicho kigumu ni ile sentensi ya mwisho: kikundi kinajipanga. Katika inchi ambako watu wengi wamelelewa kazini kwa fikira kwamba shefu hakosei, sentensi hiyo ni mapinduzi. Ndiyo maana dakika 15 zinageuka saa moja na nusu, kila mtu akijibu maswali ya mkubwa kama mwanafunzi mbele ya ubao. Ndiyo maana ule mkutano wa kuulizana mwishoni unaisha kwa kusema «yote iko sawa», hata kama kila mtu anajua gari la mradi limelala gereji tangu majuma matatu.

Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa komputa wa Marekani, hayahusu Kivu wala Ituri. Lakini mashariki ya Kongo imekwisha kulipa bei kubwa kwa kujifunza somo hilo hilo. Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serkali ilitangaza Ebola katika Kivu Kaskazini. Ulikuwa mlipuko wa 10 katika inchi. Siku saba nyuma yake, chanjo ikaanza Mangina. Waganga walikuwa na chombo ambacho hawakuwa nacho katika milipuko mingi ya mbele. Hata hivyo ugonjwa ulidumu karibu miaka miwili, mpaka tarehe 25 mwezi wa sita 2020, na watu 2.287 walikufa kati ya wagonjwa 3.470.

Kwa nini, wakati chanjo ilikuwapo? Vita na mauaji katika Beni vilikuwa sababu kubwa. Lakini kulikuwa pia na swali la namna ya kuongoza. Mwanzoni wakaaji waliona misafara ya magari, watu wenye kuvaa nguo za plastiki, na mgonjwa kupelekwa mahali ambapo jamaa hawakuona ndani. Mwisho wa 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa, Ebola ikitajwa kati ya sababu, na mashaka yakaongezeka. Vituo vya kutunza wagonjwa vikashambuliwa, na wafanyakazi wa afya wakauawa. Mpango ulikuwapo, feza zilikuwapo, lakini wenye mji hawakuwa ndani ya mpango.

Kilichosaidia ni kubadilisha kazi hatua kwa hatua, kwa kusikiliza. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili mama amuone mtoto wake na kuzungumza naye. Watu waliopona walipewa kazi ya kutunza watoto ambao wazazi wao walikuwa wagonjwa. Mazishi yakafanywa pamoja na jamaa. Katika mwezi wa saba 2019 uongozi wa kazi yote ulipewa Profesa Jean-Jacques Muyembe. Utafiti wa kulinganisha dawa nne ulikuwa umeanza mwisho wa 2018. Katika mwezi wa nane 2019, matokeo yalipoonyesha kwamba dawa mbili zinaokoa watu zaidi, zile mbili zingine ziliachwa mara moja, bila kungojea mwisho uliokuwa umepangwa. Kazi hiyo haikuendeshwa kwa jina la Agile. Lakini maana yake ndiyo ile: angalia matokeo mapema, sikiliza yule unayemtumikia, na uwe na moyo wa kuacha kile kisichofanya kazi. Na somo lake chungu ni kwamba kusikiliza kulichelewa.

Leo hitaji hilo limekuwa kubwa zaidi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Goma, na katikati ya mwezi wa pili wakaingia Bukavu. Banki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukasimama. Katika majuma hayo hayo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu katika Kongo, ikasimamisha misaada yake ya inje. Mipango iliyoandikwa vizuri mwaka 2024 ikawa makaratasi tu. Katika hali kama hiyo, mradi ambao kila uamuzi unangojea sahihi ya Kinshasa, Nairobi ao Geneva hauwezi kufika mbali. Muuguzi aliye Minova ao Masisi anajua leo njia gani imefungwa. Barua ya kumruhusu kupita njia nyingine ikifika juma lijalo, dawa zimekwisha kuharibika.

Sasa, kiongozi wa mradi ajifunze nini? Jambo la kwanza ni kuchagua. Shefu mwenye kuandika kazi 20 na kusema zote ni za haraka hajaongoza bado. Kuongoza ni kusema: juma hili tunamaliza mambo haya matatu, mengine yangoje. Watu wa kiwanda cha Toyota huko Japani, wakiongozwa na Taiichi Ohno, walitumia kadi za kanbani ili sehemu moja ya kiwanda isitengeneze vitu kupita vile sehemu nyingine inahitaji. Kwenye biro inatosha ukuta wenye sehemu tatu: ya kufanya, inayofanywa, iliyomalizika. Faida yake haiko katika vikaratasi. Iko katika kuona kwamba sehemu ya katikati imejaa sana, na kukataa kuanza kazi mpya mbele ya kumaliza ya zamani.

Jambo la pili ni kufanya habari mbaya ifike upesi. Katika mwaka 1999, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, Amy Edmondson, alichapisha utafiti wake juu ya vikundi vya kazi, akionyesha kwamba watu wanajifunza zaidi pale ambapo hawaogopi kuaibishwa wakisema walikosea ao hawajui. Kila mfanyakazi wa Kivu anaelewa hilo bila kwenda Harvard. Ikiwa mtu wa kwanza kusema «tumechelewa» ndiye anayepoteza mkataba wake, wa pili atanyamaza. Shefu atapata raporo nzuri kila mwezi, na atajua ukweli siku mfadhili atakapotuma mkaguzi.

Jambo la tatu ni kuuliza kuliko kujibu. «Nini kinakuzuia?» ni swali la kiongozi. «Kwa nini haujamaliza?» linasikika kama swali la polisi. Na swali liulizwe katika luga ambayo watu wanafikiri nayo. Mikutano mingi inafanywa kwa Kifaransa juu raporo itaandikwa kwa Kifaransa, na mwenye kuchimba kisima ananyamaza juu ya luga, si juu ya kukosa akili. Dakika 15 za Kiswahili, ao za Kinande na Mashi pale inapofaa, zinaweza kuleta habari ambazo kurasa 30 za raporo hazina.

Jambo la nne ni uaminifu juu ya feza. Kuna wanaotumia neno Agile kama ruhusa ya kutembea bila mpango na bila hesabu. Huo ni uongo. Wepesi wa kubadilisha kazi unaomba hesabu iliyo wazi zaidi, si kidogo. Lengo na kiasi cha feza vinaweza kukaa kama vilivyoandikwa. Kinachobadilika ni njia ya kufikia, na mabadiliko hayo yaandikwe na kupelekwa kwa mfadhili mapema, siyo kufichwa mpaka mwisho wa mwaka. Wafadhili nao wana sehemu yao. Hawawezi kuomba miradi yenye wepesi huku wakilazimisha mstari kwa mstari mpango wa miezi 18 iliyopita.

Ni haki pia kusema kwamba si kila kazi inafaa namna hii. Daraja halijengwi kwa kubadilisha plani kila majuma mawili. Zege ikikauka imekauka. Ingenieri anahitaji hesabu zake kamili mbele ya kuanza. Lakini hata hapo, kuchagua daraja lipite wapi, nani atalitunza, na watu watavukaje wakati wa ujenzi, ni mambo yanayoomba kuzungumza na wakaaji mapema na mara nyingi. Kiongozi mwenye akili anajua sehemu gani ya mradi ni zege na sehemu gani ni udongo laini.

Na mtu asiseme Wakongomani hawawezi kujiongoza bila shefu wa kupiga kelele. Vijiji na kartie nyingi za mashariki zina AVEC, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mfumo huo ulianzishwa na shirika CARE katika Niger mwaka 1991, na mama wa Kivu wameufanya kuwa wao. Watu 15 mpaka 25 wanakutana kila juma. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Feza zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Karibu na mwaka kuisha wanagawana, wanaangalia nani alilipa vizuri na sheria gani irekebishwe, kisha wanaanza upya. Kikundi kidogo, vipindi vifupi, kazi inayoonekana, kusahihishana bila kuachana: mabiro mengi yenye viyoyozi hayajafika pale.

Kwa hiyo kazi iko mbele ya watu watatu. Vyuo vikuu viache kufundisha uongozi wa miradi kwa kukariri peke yake. Mwanafunzi apewe kazi ndogo ya kweli katika kartie yake, aongoze wenzake watano kwa majuma sita, na apimwe kwa kile walichomaliza na kile walichojifunza. Mashirika na makampuni yaache kulipia wakubwa cheti huku wakiwaacha wasimamizi wa uwanjani bila masomo, maana wao ndio wanaoongoza kila siku. Na mashefu waanze na jambo moja ambalo haliombi hata dola moja: katika mkutano wa juma lijalo, waseme wa mwisho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wenye kulala juu ya miradi ya mashariki ya Kongo ni muuguzi, mchimba kisima na mama wa AVEC. Mradi ambao hauna nafasi ya sauti yao utaitwa Agile kwenye karatasi, na utakufa kama mingine.