Homa ya Ini C na Kata ya Mbege

Mama mwenzangu, virusi vya homa ya ini aina ya C huingia kwa njia ya damu: sindano iliyotumika, wembe wa kuchangia, damu isiyopimwa. Vikishaingia, mambo hayawi sawa kwa wote. Kati ya watu 100, 15 hadi 45 hupona bila dawa ndani ya miezi 6, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Wengine hukaa navyo miaka mingi bila dalili, huku ini likipata makovu polepole.

Aliyeambukizwa akiwa mtu mzima sana, au mwenye VVU, huumia upesi zaidi. Hayo hatuyachagui, pombe tunaichagua. Huku kwetu mlimani mbege ni ndizi na ulezi, na wengi huiita chakula. Kwa ini lenye virusi hivyo ni pombe tu, nayo huharakisha makovu.

Mumeo akikutwa navyo, usimtenge. Sahani na kikombe haviambukizi. Siku ya ubarikio, kata ikizunguka, mpe chai. Kisha mwoneni daktari, KCMC au hospitali ya karibu, mkaulizie vidonge vya sasa: kwa kawaida humezwa wiki 12, na huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100.