Dalali alete mnunuzi, fedha zisipite kwake

Dalali akikuambia kwamba mnunuzi wa boti yako "ni mtu mkubwa, hapendi kuonana na wauzaji", mshukuru, mpe maji ya kunywa, kisha mwache aende zake. Biashara hiyo haipo. Au ipo, lakini si yako.

Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga. Kibanda changu hakiko mbali na diko, na boti nyingi zinazouzwa upande huu mashine zake hupita kwanza mikononi mwangu. Mara mwenye mali anataka ingurume vizuri mbele ya mteja, mara mteja anataka kujua inaficha nini. Kwa hiyo biashara hii naiona kwa mwenye kuuza na kwa mwenye kununua, na kila kusi likiingia nasikia kilio kilekile.

Kwanza nimtendee haki dalali. Mvuvi wa Sahare anayeuza boti ya faiba hawezi kumjua mtu wa Wete anayetafuta boti ya namna hiyo. Dalali ndiye anayezunguka madikoni, anayejua nani kafiwa, nani kapata mkopo, nani kachoka na bahari. Kazi hiyo ina ujira wake. Namjua mzee mmoja wa Pangani aliyefanya udalali wa vyombo miaka mingi bila ugomvi. Yeye huwaleta muuzaji na mnunuzi, huwaketisha mchangani chini ya chombo chenyewe, bei ikatajwa mbele ya wote. Fedha zikishahesabiwa na muuzaji, mzee hunyoosha mkono na kupokea asilimia 10 yake hadharani, mnunuzi akiwa anatazama. Sijawahi kusikia mtu akimtafuta kwa ubaya.

Tatizo ni kwamba wengi tunamtumia dalali wa boti kama tunavyomtumia dalali wa nyumba. Nyumba haihami. Dalali akikudhulumu, kesho utaikuta palepale na majirani ni mashahidi. Gari linahama, lakini lina kadi, lina namba ya chesisi, na barabarani kuna trafiki. Boti ina nini? Namba yake ni rangi iliyopakwa ubavuni kwa brashi, na brashi nyingine huifuta. Mashine, ambayo mara nyingi ina thamani kuliko chombo chenyewe, imeshikwa na skrubu na bolti chache. Watu wawili na mti mmoja wanaibeba begani. Boti ikitoka hapa alfajiri na bahari ikiwa shwari, jioni iko Pemba, au imeshapita Moa na kuingia Vanga, upande wa Kenya. Kipande hiki kifupi cha pwani kina madaftari matatu ya vyombo: la bara chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), la Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar, na la mamlaka ya bahari ya Kenya. Chombo kinavuka kwa siku moja. Jina lako halivuki nacho.

Nina jirani, mama mtu mzima, ambaye marehemu mumewe alikuwa mwenye chombo. Mume alipofariki, boti ilivutwa ikakaa pwani, na kusi likaingia. Kusi ni msimu mzuri kwa madalali: bahari inachafuka, samaki wanaadimika, deni la petroli linabaki palepale. Akaja kijana mwenye maneno matamu. "Mama yangu, wewe kaa nyumbani, ya pwani niachie mimi." Mama akamjibu, "Haya mwanangu, ila mimi nataka milioni tisa mkononi. Kitakachozidi hapo, chako." Akapokea arubuni ya laki tano, akamkabidhi cheti cha usajili, leseni, na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ambayo isipochomekwa mashine haiwaki. Hapakuandikwa hata mstari mmoja.

Boti ikaondoka "kwenda kujaribiwa". Simu ya dalali ikawa inaita bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani. Shemeji yake mama akafuatilia mpaka Pemba, akaikuta boti iko kwa mnunuzi ambaye si mwizi hata kidogo. Ana karatasi. Ana ujumbe wa miamala kwenye simu. Amelipa milioni 12 zote kwa dalali, na karatasi imesainiwa "kwa niaba ya mwenye chombo". Wakabaki wanatazamana, watu wawili waliotapeliwa na mtu mmoja, kila mmoja akimshuku mwenzake. Polisi walitoa RB, lakini swali lao la kwanza lilikuwa: "Mama, ulimkabidhi mwenyewe?" Ndiyo, alimkabidhi mwenyewe.

Mwishowe wazee wa pande zote wakasuluhisha. Mnunuzi akaongeza kidogo, mama akasamehe kikubwa. Wakadhani yamekwisha. Kumbe chombo bado kilikuwa kwa jina la marehemu, maana hata mirathi ilikuwa haijafunguliwa mahakamani na hapakuwa na msimamizi mwenye mamlaka ya kuuza. Msimu uliofuata watu wa doria wakaja kumuulizia mmiliki wa chombo chenye namba fulani, kilichokutwa na nyavu haramu. Mjane akaanza kueleza upya, kwa watu wasiomjua, habari ambayo hakuwa na karatasi ya kuithibitisha.

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema kosa ni kumwamini kijana yule. Mimi naliweka kosa mahali pengine: kwenye yale maneno "kitakachozidi hapo, chako". Hicho ndicho cha juu, na cha juu ndicho kinachozaa siri yote inayofuata. Dalali wa asilimia 10 hana sababu ya kuwatenganisha muuzaji na mnunuzi. Wakikutana, yeye anapata chake. Dalali wa cha juu wakikutana ameumbuka, kwa sababu mmoja atataja tisa na mwingine 12. Kwa hiyo lazima awatenganishe, na akishawatenganisha, fedha lazima zipite kwake, cheti lazima kikae kwake, na jina haliwezi kuhamishwa, kwa kuwa kuhamisha jina kunahitaji watu wawili waliokutana. Hata dalali mwaminifu, ukimlipa kwa cha juu, umemlazimisha kuficha.

Umemlazimisha pia kusema uongo. Boti ya milioni tisa haiwi ya milioni 12 bila maneno. Dalali mmoja aliwahi kunijia kibandani akaniambia, "Fundi, mteja akikuuliza, mwambie mashine hii haijawahi kufunguliwa. Ya soda hutakosa." Nikamjibu, "Kaka, mashine hiyo niliifungua mimi." Akacheka, akaondoka, naamini alikwenda kumtafuta fundi mwingine. Mwenye boti hakujua lolote kati ya hayo, naye ndiye ambaye mnunuzi angemrudia oili ya gia itakapoonekana imechanganyika na maji.

Na mnunuzi angekuwa na haki ya kumrudia. Huku bara tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, yenye sehemu nzima kuhusu mtu na wakala wake. Ukimweka mtu mbele za watu wakaamini ana mamlaka yako, alichotenda kwa jina lako kinaweza kukufunga wewe. Uongo wa wakala katika kazi uliyompa huhesabiwa kama umeusema wewe. Sheria hiyohiyo inamtaka wakala amkabidhi mwenye mali fedha alizopokea kwa niaba yake, akitoa gharama na ujira wake. Ni kinga nzuri, lakini inamsaidia mwenye ushahidi wa walichokubaliana. Ukienda Mahakama ya Mwanzo na maneno ya mdomo, mwenzako naye atakuja na yake.

Sasa nini kifanyike? Atakayekuambia "tafuta wakili" hajakosea, na kama boti ina bei kubwa mtafute. Ila mambo mengi ya kukulinda unaweza kuyafanya palepale pwani, bila kusubiri mtu mwenye tai.

Patana na dalali ujira unaotajwa kwa namba, uandikwe, na ulipwe baada ya fedha kukufikia. Andika pia kwamba kazi yake ni kutafuta mnunuzi tu, hapokei malipo wala arubuni. Ujumbe ule wa matapeli, "ile pesa itume kwenye namba hii", Watanzania wote tunaucheka, lakini tunautekeleza wenyewe tunapomwacha dalali ampe mnunuzi namba yake ya simu ya kupokelea malipo ya boti yetu. Fedha ziingie kwenye akaunti au simu yenye jina la muuzaji, na muuzaji aangalie salio, asitegemee ujumbe alioonyeshwa kwenye simu ya mtu.

Cheti kibaki kwako. Dalali anayetaka kukionyesha apewe nakala. Kama boti ni ya marehemu, usiitangaze mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, la sivyo unauza mali ambayo ndugu mmoja akirudi kutoka Dar anaweza kuidai upya.

Kwenye majaribio, nahodha wako awe ndani ya chombo, na tenki liwe na lita chache tu za petroli, za kutoka nje kidogo na kurudi. Mteja wa kweli hatanung'unika. Dakika chache za mwendo zinamtosha kusikia mashine ikiwaka baridi na kuona maji ya kupoza yakitoka sawasawa. Nawe mnunuzi usione rangi mpya ukafurahi. Kwa boti ya faiba, gonga ubao wa tezi pale mashine inapofungwa, maana mbao iliyofunikwa ndani ya faiba huoza bila kuonekana, na sauti yake ikiwa nzito isiyorudi, jua imelowa. Kwa chombo cha mbao, inama ndani uangalie mataruma na kalafati kabla ya kutazama nje.

Katika mkataba andikeni chombo na mashine mbalimbali. Mashine ina namba yake kwenye kibati kilicho kwenye kibano kinachoishika tezini. Inakilini herufi kwa herufi. Nimeona boti ikikabidhiwa ikiwa na mashine nyingine kabisa, ya rangi ileile na nguvu ileile, na mkataba unasema tu "boti moja na mashine yake". Andikeni tarehe na saa ya makabidhiano pia, kwa sababu kitakachobebwa ndani ya boti hiyo baada ya saa hiyo, iwe baruti ya kulipulia samaki au magunia ya sukari yaliyoshushwa usiku bandari bubu, kisiwe swali la kuulizwa wewe.

Hayo ni ya muuzaji na mnunuzi. Lipo moja la wenye mamlaka. Kila diko kubwa lina BMU, yaani kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi, na BMU tayari inavijua vyombo vyake na wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lipo, ila halina ukurasa wa mauzo. Halmashauri ziagize ukurasa huo uwepo. Boti ikiuzwa, muuzaji na mnunuzi wafike wenyewe, dalali awe shahidi wa tatu, namba ya chombo na ya mashine zisomwe zikiwa zinatazamwa, wote wasaini. Nakala iende halmashauri na kwa msajili wa vyombo, ili kuhamisha jina kuanze siku ya mauzo badala ya siku ambayo doria imemkamata mtu. Na wasajili wa bara, Zanzibar na Kenya watambuliane karatasi hiyo, kwa kuwa wauzaji na wanunuzi wa pwani hii hawajawahi kungoja mipaka.

Najua mtaniambia BMU nayo itataka chake, na cha juu kitahama kutoka kwa dalali kwenda kwa katibu. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana ada ibandikwe ukutani na ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, asipokee mtu fedha mkononi. Madalali nao watalalamika kwamba tunawaharibia kazi. Yule mzee wa Pangani hatalalamika, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya siku zote, tofauti ni meza na daftari tu. Ukurasa huo hautamnyima ujira dalali yeyote anayeleta mnunuzi wa kweli. Utamnyima anayehitaji watu wawili wasionane.

Kusi halingoji vikao. Likianza kuvuma, boti zitavutwa pwani, na vijana wenye maneno matamu watapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anauza. Halmashauri za Tanga, Muheza, Mkinga na Pangani zinaweza kutoa agizo hili kabla ya hapo. Linahitaji barua moja na madaftari ya dukani. Na wewe mwenye boti, usingoje barua. Dalali akija, mwambie ujira wake upo na umeandikwa, ila mnunuzi aje naye, na fedha hazitapita kwake. Akikubali, mkaribishe, mna kazi ya kufanya pamoja.